Barabara ya Wurzburg pale Bugando tunaipita kila siku. Nimefika Würzburg yenyewe, uzi wake huu hapa

#1 MtuWaMionzi

Wakuu, habari za jioni.

Kwa wanaoijua Mwanza: ile barabara ya kupandia kilima cha hospitali ya Bugando inaitwa Barabara ya Wurzburg. Nimeipita miaka nenda rudi, kwa mguu, kwa bodaboda, siku moja hata ndani ya gari la wagonjwa, na sikuwahi kujiuliza huyo Wurzburg ni nani. Nilijua ni daktari fulani wa Kijerumani aliyefia pale zamani.

Kumbe ni mji. Uko kusini mwa Ujerumani, ukingoni mwa mto Main, una watu laki moja na ishirini na ushei, na tangu 1966 ni mji pacha wa Mwanza. Wenyewe wanatamka kama "Vyutsburg". Ukisema "Wuzibagi" kama sisi wanakutazama tu.

Kazi yangu ni eksirei, hospitali fulani Kanda ya Ziwa. Nimekuja hapa kwa mafunzo ya miezi mitatu, nilifika mwishoni mwa Januari. Wikiendi sina kazi, na kulala chumbani baridi hii ni kujitafutia huzuni, kwa hiyo nazunguka. Nitakuwa naandika ninachokiona. Picha zimegoma kupanda, mtanisamehe.

Cha kwanza kilichonishangaza. Nilitegemea mji wa kale kama wa kwenye kalenda. Nimetoka stesheni, naona kweli minara ya makanisa ya miaka mia tisa, lakini chini yake nyumba nyingi ni za kawaida kabisa, madirisha mraba, kuta za plasta, kama kota za serikali. Mji una zaidi ya miaka 1,300 na nyumba zake zina umri wa baba yangu. Nikajiuliza za zamani zimekwenda wapi. Hilo nitalifikia.

#2 Sangara_Mkavu

Nimeweka kambi. Uzi bila picha ni sato bila ugali ila tutavumilia.

#3 mama Koku

Nimezalia Bugando watoto watatu na sikujua! Endelea mwanangu, na uvae soksi mbili.

#4 Pangapanga

Mji pacha maana yake nini? Wanatupa nini hao mapacha?

#5 MtuWaMionzi

Mama Koku shikamoo. Soksi ni tatu.

Pangapanga, swali zuri. Hapa kuna taasisi ya udaktari wa kimisionari ya tangu 1922, Missionsärztliches Institut, iliyokuwa inaandaa madaktari na wauguzi wa kwenda Afrika na Asia. Bugando ilipofunguliwa 1971 madaktari waliopitia hapa walikuwa sehemu ya mambo, na mpaka leo chuo kikuu cha hapa na chuo cha udaktari cha Bugando wanabadilishana wanafunzi na watafiti. Makao makuu ya DAHW, lile shirika la ukoma na kifua kikuu lililoanzishwa 1957, nayo yako mji huuhuu. Wazee wa idara za TB nchini wanalijua.

Kwa hiyo si pacha wa kupigana picha na meya tu. Mtu kama mimi yuko hapa kwa sababu hiyo.

#6 MtuWaMionzi

Leo nimeingia Residenz. Kaeni vizuri.

Mji huu kwa karne nyingi ulitawaliwa na maaskofu. Simaanishi askofu wa kubariki na kuondoka, hapana: askofu mwenye jeshi, mwenye kodi, mwenye gereza. Maaskofu-watawala hawa walikaa juu kwenye ngome ya Marienberg tangu 1253. Ilipofika miaka ya 1720 wakaona ngome imepitwa na wakati, wakataka kasri chini mjini. Kazi akapewa Balthasar Neumann, fundi aliyeanza maisha kwa kusubu kengele na mizinga. Ujenzi ukaanza 1720 na jengo likasimama 1744. UNESCO waliliingiza kwenye orodha yao 1981. Wajerumani waliwahi kuiweka sura ya Neumann kwenye noti yao ya marka 50.

Sasa ngazi. Unaingia chini kwenye ukumbi wenye giza kidogo, dari iko karibu, magari ya farasi yalikuwa yanageukia humohumo ndani. Unaanza kupanda taratibu, vidato vifupi sana, mguu haufanyi kazi. Kisha dari inafunguka juu yako kama mita 18 kwa 32, na hakuna nguzo. Hata moja. Wenyeji wanasimulia kwamba washindani wa Neumann walisema litaporomoka, naye akajibu leteni mizinga mpige humu ndani tuone.

Na dari lote limechorwa. Mchoraji ni Giovanni Battista Tiepolo, aliletwa kutoka Venice, akalichora 1752 na 1753 pamoja na wanawe wawili. Alichora kwenye plasta mbichi, kwa hiyo kila siku fundi anapaka kipande cha kutosha kazi ya siku hiyo tu, na rangi lazima iingie kabla hakijakauka. Kumechorwa mabara manne, kila ukuta na lake. Marekani ni mwanamke mwenye taji la manyoya amepanda mamba. Asia amepanda tembo. Ulaya amekaa kwenye kiti, wasanii wamemzunguka, na Neumann mwenyewe amejiegemeza juu ya mzinga kama anayepumzika baada ya zamu.

Afrika ni mwanamke mweusi juu ya ngamia aliyepiga magoti. Amevaa vizuri, amekaa kimalkia, kuna mahema, wafanyabiashara na marobota yao, na mbuni. Nilisimama chini yake mpaka shingo ikauma. Mlinzi mmoja mzee akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mwanza. Akasema "Ah, Mwanza!" kama mtu aliyetajiwa jina la shemeji yake.

#7 Kisimani

Huyo Tiepolo alifika Afrika lini?

#8 MtuWaMionzi

Hakuwahi. Wala Asia, wala Marekani.

#9 Kisimani

Ndiyo nilichokuwa nangoja. Sisi ngamia na mahema, wao elimu na muziki. Na wewe umesimama hapo shingo inauma kwa kujichekea.

#10 MtuWaMionzi

Mkuu, umelisema vizuri na sikubishii. Huo ndio mpango wa lile dari, Ulaya ndiye mwenye nyumba na wengine tumeleta mizigo. Na juu ya Ulaya wamemchora askofu aliyelipia kazi, sura yake inapaishwa mbinguni. Aliyelipa ndiye aliyepaishwa.

Ila nilikuwa nayatazama na mengine. Huwezi kumfundisha mtu kuchora mkono namna ile. Kazi yangu ni mifupa ya watu, najua mkono unavyojikunja. Yule mwanamke wa ngamia mkono wake una kiwiko.

#11 Sangara_Mkavu

"Mkono wake una kiwiko" 😂😂 mtu wa eksirei bana.

#12 Mshamba_wa_Magu

Mimi naomba nitofautiane. Hawa ndio babu zao waliopiga watu Maji Maji. Mnakwenda kushangaa dari zao. Mwanza penyewe tumebaki na jiwe ziwani linaitwa Bismarck mpaka leo.

#13 Mlima_Matogoro

Mimi ni wa Songea, la Maji Maji usinifundishe, wazee wetu walinyongwa pale. Nasoma huu uzi vilevile. Kumjua mtu si kumsamehe.

Halafu mleta uzi, ukiwa hapo hujafika mbali na sisi. Kilomita ishirini na kidogo kutoka hapo, kuelekea mashariki, kuna abasia inaitwa Münsterschwarzach. Wabenediktini wengi waliokuja Peramiho na Ndanda walitokea hapo. Babu yangu alifundishwa useremala na bruda wa hapo. Tafadhali fika uniambie pakoje, na hata jimbo la Mbinga lina urafiki na jimbo la huko.

#14 MtuWaMionzi

Nimekusikia Matogoro. Jumapili hii.

#15 Baridi_Kali

Wakuu, mimi niko Nuremberg mwaka wa kumi na moja sasa. Treni ya kasi kutoka kwangu hadi Würzburg ni chini ya saa moja kidogo, kutoka Frankfurt ni saa moja na dakika chache. Ukiwa watu wawili watatu mnunue tiketi ya siku ya jimbo zima la Bayern, mpande treni za kawaida, mtaokoa pesa.

Na mleta uzi, nikuonye jambo. Usije ukawaita watu wa hapo Wabavaria. Ni Wafranken. Bayern waliwapata moja kwa moja 1814, vurugu za Napoleon zilipokwisha, na hawajazoea mpaka leo. Bia ni ya München huko. Hapo ni mvinyo.

#16 MtuWaMionzi

Asante Baridi_Kali, umenichelewa. Nilishamwambia mwenye nyumba wangu "ninyi Wabavaria". Alinyamaza sekunde kumi.

Hilo la mvinyo ni kweli tupu. Ukitazama milima inayouzunguka mji ni mashamba ya mizabibu mitupu, yamepangwa mistari mpaka juu, hata chini ya kuta za ngome. Wadodoma wangejisikia nyumbani isipokuwa kwa baridi. Mvinyo wao mweupe wanautia kwenye chupa bapa yenye tumbo, inaitwa Bocksbeutel, imekaa kama kibuyu kilichokanyagwa. Na msishangae, hospitali ndiyo yenye mashamba. Juliusspital ilianzishwa 1576 na askofu Julius Echter, ikapewa mizabibu na misitu ili ijilipie yenyewe wagonjwa. Mpaka leo wanauza mvinyo na wanatibu watu. Fikirieni Bugando imiliki shamba la pamba na kinu chake.

Lakini huyohuyo Echter alipotafuta kiwanja cha hospitali alichukua makaburi ya Wayahudi. Nakuja hapo.

#17 MtuWaMionzi

Daraja. Alte Mainbrücke, walilianza 1473 wakalimaliza 1543, limepangwa watakatifu na wafalme kumi na wawili wa mawe, warefu kuliko mlango, sita kila upande, wanakutazama ukipita kama wazee wa baraza. Mmoja ni Kilian, mmisionari Mwairish aliyeuawa hapa 689 na wenzake wawili. Ndiye mlinzi wa mji.

Jioni watu wananunua glasi ya mvinyo mwanzoni mwa daraja, wanakuja kusimama hapo juu, wameegemea ukuta, wanaongea. Hata mwezi wa pili! Kanisa nalo limejaa watu wa sanamu na daraja limejaa watu wa glasi. Mimi ni Msabato, nikaomba juisi ya zabibu, wakanipa kwenye glasi ileile ya mvinyo. Nikanywa, nikatembea, nikaondoka nayo mpaka chumbani. Jirani yangu ndiye aliyeniambia bei niliyolipa ndani yake kuna amana ya glasi, ukirudisha unarudishiwa hela. Nilidhani ni zawadi ya mgeni.

#18 mama Koku

Irudishe mwanangu, wasije wakasema watu wa Mwanza wezi.

#19 MtuWaMionzi

Nitairudisha mama.

#20 MtuWaMionzi

Ngome sitaiandika sana, ni kubwa, nusu yake iko kwenye ukarabati. Kuna kanisa la mviringo ambalo asili yake inasemwa ni ya mwaka 706, na kisima cha mita mia moja hivi, ukimwaga maji unasubiri ndipo usikie.

Ila kuna mtu mmoja siwezi kumpita. Tilman Riemenschneider, mchongaji. Alichonga Adamu na Hawa kwa ajili ya kanisa la sokoni miaka ya 1490, wenyewe sasa wako kwenye jumba la makumbusho humo ngomeni, na mlangoni kwa kanisa wamesimama nakala. Adamu wake hana misuli ya kujisifu. Ni kijana mwembamba aliyechanganyikiwa. Huyu mchongaji akawa tajiri, akawa meya wa mji. 1525 wakulima wakaasi kwa ajili ya kodi na utumwa wa mashamba, wakaizingira ngome ya askofu, na baraza la mji likakataa kumsaidia askofu. Wakulima wakashindwa. Riemenschneider akatupwa gerezani humohumo juu na akateswa. Watu wanasimulia kwamba walimvunja mikono, hilo ni la simulizi. La hakika ni kwamba alitoka na akaishi mpaka 1531 na kazi kubwa hazikuonekana tena.

#21 Pangapanga

Askofu anatesa mchonga sanamu za kanisa lake. Kazi ipo.

#22 MtuWaMionzi

Ngoja usikie. 1626 mpaka 1629, askofu mwingine, Philipp Adolf von Ehrenberg, walichoma watu kwa tuhuma za uchawi. Mamia. Walianza na vikongwe, wakaja matajiri, wakaja mapadri, wakaja watoto wa shule. Ukitajwa, unateswa mpaka utaje wengine, basi orodha haiishi.

Nilisoma hayo nimekaa kwenye benchi na nikafunga simu. Wakuu, mimi ni Msukuma. Nimekua nasikia bibi fulani kijiji cha pili kakatwa mapanga usiku kwa sababu macho yake mekundu, na macho yale ni moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe. Kwa hiyo sikuwa na la kuwacheka.

#23 Mshamba_wa_Magu

Hapo umenigusa. Bibi mzaa mama yangu tulimhamishia mjini kwa sababu hiyohiyo.

#24 Mlima_Matogoro

Münsterschwarzach vipi?

#25 MtuWaMionzi

Nimefika! Minara minne, unaiona kutoka mbali katikati ya mashamba, kanisa zito la mawe lililojengwa 1935 hadi 1938. Miaka mitatu baadaye Wanazi wakaifunga abasia na kuwafukuza watawa. Wana duka la bidhaa za wakulima wa nchi zetu. Mtawa mmoja mzee sana aliposikia natoka Tanzania alinisalimia "Kamwene". Nikamwambia bruda, mimi Msukuma, kwetu ni "mwadila". Akacheka, akasema Kiswahili chake kimebaki cha kusimamia mafundi: leta mchanga, ongeza maji, kesho saa moja kamili. Babu yako angemjua.

#26 Mlima_Matogoro

Umenitoa machozi kaka. "Kesho saa moja kamili" babu alikuwa anatuambia hivyohivyo.

#27 Mtoto_wa_Kikapu

Wakuu mnazungumza maaskofu tu, Dirk Nowitzki wa mpira wa kikapu si wa hapo? Alizaliwa Würzburg 1978, akatoka hapo kwenda Dallas, ubingwa wa NBA 2011. Muwe na heshima.

#28 MtuWaMionzi

Ni wa hapa kabisa. Heshima imetolewa. Sasa niacheni niandike cha kwangu.

#29 MtuWaMionzi

Röntgenring namba 8. Nilikuwa nakuweka akiba kama nyama ya mwisho kwenye sahani.

Wenzangu wa mionzi wanajua: 8 Novemba 1895, jioni, Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa peke yake maabara. Aliifunika bomba yake ya umeme kwa karatasi ngumu nyeusi, mwanga usitoke. Giza. Akawasha. Na kwenye meza ya mbali kidogo, kibao kilichopakwa kemikali kikang'aa. Kitu kilikuwa kinapita karatasi. Hakumwambia mtu. Kwa wiki kadhaa alikula na kulala humohumo, maana nyumba yake ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo hilohilo. 22 Desemba akamwita mke wake Anna Bertha, akauweka mkono wake juu ya sahani ya picha. Ndiyo ule mkono tuliouona wote kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza, wenye pete.

Hayo yote yalifanyika kwenye mtaa ambao leo magari yanapita na watu wanakula mkate wakielekea stesheni. Unaingia bure. Kuna ukumbi wa mihadhara wa mbao, na chumba chenye mitungi na mabomba ya kioo na koili. Hakuna cha kutisha. Chumba cha darasa la fizikia la sekondari iliyosimamiwa vizuri.

Nimepiga vifua, nyonga na vichwa zaidi ya miaka kumi na miwili. Niliutazama ule mkono muda mrefu. Kwa zamu yangu ningeurudisha: mgonjwa amecheza, ukungu kwenye vidole, na pete hukumvua. Kila siku nasema "mama, vua pete, vua hereni". Mwenye mashine hakusema kwa mkewe. Ile picha ilichukua zaidi ya dakika kumi. Mimi hata sekunde situmii.

Na mnajua alifanya nini baadaye? Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia, 1901, yake. Pesa akaiachia chuo kikuu cha hapa. Hataza hakuchukua, alikataa, alitaka kila mtu atumie. Ndiyo sababu mashine iliweza kufika mpaka kilima cha Bugando. Nikatoka nje nikasimama kwenye theluji nikampigia mke wangu. Akaniuliza kama nimekula.

#30 Sangara_Mkavu

Wake zetu bana 😂. Uzi mtamu huu. Lakini ulituahidi nyumba za zamani zimekwenda wapi.

#31 MtuWaMionzi

Nilikuwa nasubiri siku yake. Ni leo, 16 Machi. Ndiyo nimerudi chumbani.

Usiku wa tarehe kama hii mwaka 1945 vita imeshaamuliwa, Wamarekani walikuwa wiki tatu hivi kabla hawajaingia hapa. Ndege za Waingereza zaidi ya mia mbili zikaja, zikamwaga mabomu ya moto kama laki tatu. Dakika zisizofika ishirini. Mji wa kale, wenye nyumba za mbao zilizobanana tangu enzi za akina Riemenschneider, ukawaka wote kama jiko moja. Asilimia tisini ya mji wa kale ikaisha. Watu kati ya elfu nne na elfu tano wakafa, na mbele ya makaburi makuu kuna kaburi moja la pamoja la watu kama elfu tatu. Kanisa kuu lililobaki na kuta, 1946 sehemu yake ikaporomoka tena.

Ndani ya jengo la manispaa kuna chumba kina sanamu ya mji mzima ulivyokuwa asubuhi yake. Nyumba hazina paa, kuta zimesimama peke yake, mitaa yote. Kwa macho yangu ni picha ya kinywa cha mzee, mizizi imebaki, vichwa vya meno hakuna.

Na Residenz? Paa likaungua, likaanguka juu ya lile dari la Tiepolo. Dari la Neumann lisilo na nguzo likabeba moto, mbao na vigae, halikuanguka. Afisa mmoja Mmarekani, John Skilton, alipofika akaliona liko wazi kwa mvua, akahangaika kutafuta mbao na karatasi za kuezekea mpaka likafunikwa. Kwa hiyo yule mwanamke wa ngamia ni mmoja wa wachache waliokuwapo usiku ule na bado wako palepale.

Ndiyo jibu la swali langu la siku ya kwanza. Karibu kila kinachoonekana cha kale hapa kimesimamishwa upya, jiwe kwa jiwe, na kilichobaki kikajazwa kota.

#32 Kisimani

Waingereza walikuwa na haja gani kupiga mji wa makanisa na vita imekwisha?

#33 Baridi_Kali

Kisimani, hapa Ujerumani swali hilo huulizwa kwa uangalifu, kwa sababu kuna wanaolitumia ili wasizungumze yaliyotangulia. Mleta uzi, umepaona mbele ya stesheni?

#34 MtuWaMionzi

Nimepaona. Siku ya kwanza nilipita nikidhani abiria wamesahau mizigo.

Ni mabegi, masanduku, mabunda ya mablanketi yaliyofungwa kamba. Ukigusa ni mawe, ni mbao, ni chuma, ni zege. Yamewekwa tangu 2020. Wayahudi zaidi ya elfu mbili wa mkoa huu walipakiwa kwenye treni kuanzia 1941 na karibu wote hawakurudi. Miji midogo mingi walikotolewa imetengeneza kila mmoja mzigo wake, mmoja uko hapa, pacha wake uko kwao. Nao haikuwa mara ya kwanza. Kanisa zuri la sokoni, Marienkapelle, lilianza kujengwa 1377 pale lilipokuwa sinagogi, baada ya Wayahudi wa mji kuuawa 1349. Na 1987 walipobomoa nyumba moja mtaa wa Pleich, ndani ya kuta wakakuta mawe ya makaburi ya Kiyahudi zaidi ya 1,400, yalikuwa yamejengewa kama matofali. Sasa yako kwenye kituo cha jumuiya yao.

Hilohilo kanisa la sokoni, mlango wa kaskazini, kuna mchongo wa malaika akimletea Maria habari. Kutoka kinywani mwa Mungu linashuka bomba mpaka sikioni kwa Maria, na juu ya bomba katoto kanateleza kama kwenye bembea ya shule.

#35 Sangara_Mkavu

Hiyo ya bomba ni chai.

#36 MtuWaMionzi

Si chai. Nimepiga picha, imegoma kupanda.

#37 mama Koku

Na leo jioni walifanya nini, mwanangu? Umesema ni siku yake.

#38 MtuWaMionzi

Saa tatu na dakika ishirini usiku kengele zinaanza. Nilikuwa darajani. Ilianza moja mbali, ikafuata ya kanisa kuu, kisha zote, hata zile sikujua zipo, mpaka ukuta wa daraja ukawa unatetemeka chini ya kiganja. Dakika ishirini, karibu muda ule ule wa mabomu. Watu wa glasi walikuwepo lakini wameziweka chini. Hakuna aliyetoa hotuba. Mzee mmoja karibu yangu alikuwa anatazama saa ya mkononi muda wote, kama anayesubiri ziishe kwa wakati.

Saa tatu na arobaini zikaanza kukoma, moja moja, ya mwisho ikabaki peke yake kidogo. Tramu ikapita huko mjini. Yule mzee akanitikisia kichwa, akaondoka.

#39 mama Koku

Mungu awapumzishe. Glasi umerudisha?

#40 MtuWaMionzi

Bado mama. Naiwekea mswaki.